Mgeni wa Pedi ya Pili

Jumapili, 6 Aprili

Tangu Wareno wajenge ile Ngome ya Yesu, hajazaliwa Mombasa mtu mwenye vidole kama vyangu. Nalisema hili kwa unyenyekevu. Lau ningekuwepo siku ile wanatia nanga, nikapewa pedi ya gemu mkononi, wangegeuza meli warudi kwao wakalime zabibu. Mimi ndimi Mumo wa Kibokoni, bingwa wa duka la gemu la Bi Fairuz, na kidole gumba changu cha kulia kingefaa kuwekwa ndani ya kioo pale ngomeni, watalii walipe kukiona.

Dayari hii baba alipewa kule bandarini na kampuni moja ya kutoa mizigo. Kila mwezi una picha ya kreni. Mama alisema apewe mtu anayejua kuandika. Mama, nilifika kidato cha pili. Sikuacha shule, shule ndiyo iliyoshindwa kunifuata. Siku watu watakapotaka kuyajua maisha yangu, watayakuta yameshaandikwa.

Kazi yangu ni kufungua duka, kuwasha runinga na kuwatoa watu vitini muda wao ukiisha. Viti vikiwa vitupu, nacheza mimi. Mwenzangu ni Masha. Anatunza bustani ya mkubwa mmoja wa serikali kule Kizingo, mahali ambapo hata mbwa hupelekwa matembezi kwa gari. Analala Likoni. Akitoka kazini hupitia hapa kabla ya kwenda Feri, viatu vya mpira vimejaa udongo, na Bi Fairuz humwambia kila siku, "Masha, mwanangu, hilo shamba liache mlangoni."

Tunacheza gemu ya kamba. Watu wawili wamefungwa kamba moja kiunoni, wanapanda mlima. Mmoja akiteleza, mwingine ajikaze amvute. Haichezeki peke yako. Kileleni kuna taa inayowaka tangu mwanzo, na hapa dukani hakuna aliyewahi kufika akajua ni taa ya nini.

Leo Masha kaniambia, "Mumo, mimi sijawahi kumaliza kitu. Shule niliachia la saba. Kushona niliachia kwenye mikono ya shati. Huu mlima nataka niumalize."

"Umepata mtu," nikamwambia. "Nitakubeba kama gunia la mkaa."

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Wateja wawili, mmoja alikuja kujikinga tu.

Ijumaa, 11 Aprili

Tumevuka daraja la mbao. Ng'ambo yake kuna nyumba ndogo ya mawe, madirisha yana mwanga, ndani mtu anapika. Huwezi kuingia. Masha akasimama pale akichungulia mpaka nikamuuliza kama anataka kupanga chumba.

"Anapika nini, wadhani?"

"Anapika muda wetu. Twende."

Masha si mwepesi, lakini akishika ameshika. Tangu tuanze mlima huu mimi nimeanguka mara nyingi kuliko yeye, na kila mara amenivuta. Hilo halitatoka nje ya dayari hii.

Jumanne, 15 Aprili

Leo kuna habari. Mvua imewafungia watu majumbani, na Bi Fairuz akachoka kutazama viti. Akasimama mbele yetu, kanga begani, kama anatangaza nikahi.

"Vijana. Hivi vikombe vinavyolia kwenye runinga, mwavijua?"

Nani asiyevijua. Kila gemu ina vyake. Ukifanya jambo fulani, runinga inalia ting, kikombe kidogo kinatokea pembeni, kinabaki kwenye jina lako daima. Hatukuwahi kuvijali. Vilikuwa kama kisahani cha chumvi mezani, kipo tu.

"Basi, atakayekusanya vikombe vyote vya gemu moja, ntamwandika jina ukutani kwa rangi ya mafuta. Na atacheza bure mpaka mwaka uishe."

Ngowa akapiga mluzi. Ngowa ni fundi wa simu hapo kwenye kona, mtu wa gemu za bunduki, na anaamini Mungu alimuumba yeye kwanza ndipo akaumba wanaomtazama. "Mumo," akasema, "nenda ukutani uniwekee alama jina langu lienee vizuri."

"Jina lako litaenea chooni," nikamwambia.

Jumatano, 16 Aprili

Nimesoma orodha ya vikombe vya mlima wetu. Kufika kileleni ni kimoja tu, kama vile hakina maana. Vingine ni vya kila namna. Kimoja: mvute mwenzako aliyeanguka mara elfu moja. Mtu akipanda kawaida mpaka juu hawezi kuvuta hata mara hamsini.

Lakini mimi nina akili. Chini kabisa, pale mwanzo, kuna mwamba mfupi. Masha anaruka chini, namvuta. Anaruka, namvuta. Kila hadithi inayoanza kwenye runinga naibonyezea kitufe cha kuiruka, tusipoteze muda.

"Tunarudi chini?" Masha akauliza. Tulishafika mbali na ile nyumba ya mawe.

"Kidogo tu. Tukimaliza hivi, kilele tutakipanda tukiwa wafalme."

"Na mimi napata vikombe?"

Hapo nilimweleza. Jina lililoingia kwenye mashine ni langu. Pedi ya pili huingia kama Mgeni, na Mgeni hawekewi chochote. Akafikiri kidogo, akasema, "Haya. Mimi nataka taa tu."

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mama kanipeleka kanisani nikiwa nimevaa tai ya baba. Mahubiri yalikuwa ya kufufuka. Nikawa nahesabu kidoleni: Masha keshafufuka mara sabini na nane.

Alhamisi, 24 Aprili

Vikombe vinne leo. Kimoja ni cha kupanda bila viatu. Kingine cha kumwagia mwenzako maji. Mimi ni hatari.

Ijumaa, 2 Mei

Leo kilikuwa kikombe cha moto. Mnakaa pembeni ya moto mlimani saa nzima bila kugusa pedi. Ukigusa, inaanza upya. Basi tumekaa kama maiti mbili, pedi mapajani, mvua inapiga bati la jirani. Masha hawezi kukaa kimya kwa hiyo akawa anazungumza. Mkubwa wake kapata uhamisho, anapelekwa Kisumu, mama wa nyumba anasema bustani ya kule ni kubwa na Masha lazima aende nao. Sijui kasema mwezi wa sita. Nilikuwa natazama saa. Zilibaki dakika nane na nilikuwa na muwasho puani ambao ungeua farasi.

Ting.

"Umesikia?" Masha akauliza.

"Nimesikia," nikasema, maana imelia kwa sauti.

Ijumaa, 9 Mei

Stima imekatika tukiwa tumefika mia tatu na ishirini. Ilipowaka, mashine ilikuwa imehifadhi mia mbili na tisini tu. Nilitukana mpaka Bi Fairuz akatoka jikoni na mwiko.

"Masha," nikasema, "tuanze."

Akaruka.

Jumatano, 14 Mei

Ngowa ni mwizi. Leo nimemkuta hayupo kitini, yuko nje anakula viazi karai, na gemu yake inacheza yenyewe. Kafunga kijiti cha pedi kwa mpira wa nywele. Mtu wake anazunguka uani, anazunguka, kama ng'ombe wa kinu, na kila baada ya muda, ting.

"Huo si mchezo," nikamwambia.

"Na wewe mwenye Masha je?" akajibu, kachumbari ikimtoka mdomoni. "Mimi mpira wangu wa nywele nimeununua. Wako watembea na viatu vya shamba."

Nilimcheka.

Jumamosi, 17 Mei

Duka limejaa, viti vyote, mpaka watu wanasubiri ngazini. Bi Fairuz badala ya kufurahi alisimama katikati, mikono kiunoni.

"Zamani mlikuwa mwanitoa roho kwa kelele," akasema. "Mtu akifungwa bao, mtaa mzima wajua. Sasa mmekaa kama mwafanya mtihani wa serikali. Niliwaambia mcheze. Nani kawaambia mfanye kazi?"

Hakuna aliyegeuka. Akaja nyuma ya kiti chetu.

"Huyu Masha yuwacheza nini?"

"Ananisaidia, Bi Fairuz."

"Mimi namuona yuwafa tu."

Jumanne, 20 Mei

Mia sita. Ruka. Ruka. Ruka.

Masha ameanza uvivu. Anakawia kuruka, anasimama pale ukingoni akiitazama taa ya juu. Nimemwambia taa haikimbii.

Jumanne, 27 Mei

Alikuja na mapera ya bustani ya Kizingo, kayafunga kwenye kitambaa kwa sababu ya mvua. Yalikuwa matamu, nakiri. Bi Fairuz alikula matatu.

"Mumo, leo tupande," Masha akasema. "Siku moja tu. Kisha tutarudi hapa chini."

"Tumebakisha mia mbili."

"Tunabakisha kila siku."

"Masha, wewe huelewi hesabu. Ukipanda sasa, ukafika, utakuwa umefika lakini hujakamilisha."

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa Kichina. Halafu akachukua pedi, akaruka. Nikamvuta. Bi Fairuz akaenda jikoni akitikisa kichwa. Huyu mama ana wivu wa kimya kimya, nadhani alitaka jina lake ndilo liandikwe.

Ijumaa, 6 Juni

Idd. Duka limefungwa. Nimezunguka mjini na shati jipya, na nyumba tatu zimenipa biriani. Ukristo wangu haujawahi kuzuia mdomo wangu. Vidole lakini viliwasha kutwa nzima, vikitafuta pedi.

Jumanne, 10 Juni

Elfu moja. Kikombe kinaitwa Mwokozi. Nilisimama juu ya kiti. Nilimshika Ngowa masikio, nikamwimbia. Masha alikuwa akisugua kidole gumba, akatabasamu, akaniambia hongera.

Kimebaki kimoja tu, cha kileleni. Bi Fairuz kaleta kopo la rangi ya kijani, kaliweka juu ya kabati. "Likae hapo likungoje," akasema.

"Masha," nikamwambia, "kesho sasa. Kesho tunapanda, wallahi."

"Wewe unaapa wallahi tangu lini?"

"Tangu Idd."

Akacheka. Kisha akasema kesho hawezi, wanafunga mizigo ya mkubwa. Kisumu ni Jumatano ijayo.

"Kisumu gani?"

"Nilikwambia. Siku ile ya moto."

Jumapili, 15 Juni

Nitaandika yote, mkono ukiuma uume.

Masha alikuja saa saba mchana, baada ya kanisa, kavaa viatu vya ngozi. Mara ya kwanza kuviona. Bi Fairuz akakosa cha kumwambia mlangoni, akamletea chai. Nilikuwa nimekitenga kiti chetu tangu asubuhi, na nilimfukuza mtoto wa watu aliyetaka kukikalia. Nikasema leo tunapanda bila kusimama, magharibi itatukuta kileleni.

Tukaanza. Ule mwamba mfupi wa mwanzo nikaupanda, nikageuka kumngoja. Masha akafika ukingoni, akaruka chini.

Tukacheka wote. "Mazoea," akasema. Nikamvuta.

Kwenye mwamba wa pili akaruka tena. Hakukusudia, nilimuona usoni. Kidole chake kilifika ukingoni kikaachia chenyewe. Wa tatu, akaning'inia kidogo, nikasema sasa kashika, akaachia. Nikamvuta. Watu wakaanza kukusanyika nyuma yetu. Ngowa akasema, "Mvute, Mwokozi," na duka likacheka.

Mtu huyu mwezi wa nne alikuwa hang'oki jiweni. Mimi ndiye niliyekuwa naanguka, yeye ndiye aliyekuwa ananivuta. Leo tulikwenda saa tatu nzima na sehemu ambayo zamani tuliipita kwa dakika kumi ilitushinda mara ishirini. Kila ukingo, anaachia. Jasho likamtoka. Alibadilisha mkao, akabadilisha kidole, akatumia cha shahada badala ya gumba, akashika pedi kama anashika yai. Tukafika daraja la mbao. Katikati ya daraja akaachia tena, nami uvumilivu ukaniishia.

"Shika, Masha. Shika. Kwani huwezi kushika?"

Aliposema, hakunyanyua sauti. Masha hana sauti ya kunyanyua.

"Mumo, huu mwezi wa pili hujaniambia shika. Umeniambia ruka."

Ngowa akajifanya anatafuta simu yake mfukoni.

Nikamvuta, tukavuka, taratibu, kama wazee wawili. Ng'ambo, ile nyumba ya mawe ilikuwa palepale, madirisha yanawaka, yule mtu bado anapika. Masha akasimama mbele ya dirisha. Akaweka pedi mapajani.

"Hapa nilifika zamani bila kuanguka," akasema. "Acha niishie hapa. Nina shangazi Likoni sijamuaga."

"Bado mapema. Tunaweza."

"Hatuwezi, na wajua." Akasimama, akajipangusa suruali. "Krismasi mama wa nyumba kasema atanipa wiki mbili. Kilele ningojee, Mumo. Usipande na mtu mwingine. Ile taa tuione pamoja."

"Nani mwingine? Na Ngowa? Bora nipande na mbuzi," nikasema. "Nitakungoja. Shika mkono."

Tukashikana mikono. Kidole gumba chake kina sugu, chini kidogo ya ukucha. Nilidhani ni la jembe. Kisha nikaliangalia la kwangu. Ni sehemu ileile.

Bi Fairuz alimsindikiza mpaka kwenye baraza, akampa mfuko wa kaimati ale njiani. Aliporudi alinipita kama anapita kiti.

Jumatano, 18 Juni

Ameondoka leo asubuhi. Mvua imekatika. Joto.

Alhamisi, 19 Juni

Ngowa kabakisha vikombe viwili. Amenunua mpira wa nywele wa pili.

Ijumaa, 20 Juni

Ngowa kabakisha kimoja. Kaliteremsha kopo la rangi kabatini, akalitikisa sikioni mwangu ili nisikie rangi ikicheza ndani.

Jumamosi, 21 Juni

Jina langu liko ukutani. MUMO, kijani, herufi kubwa kama za duka la simenti. Ngowa yeye mpira wake ulikatika akiwa nje, gemu yake ikafa, itabidi arudie wiki nzima. Nimekunywa soda ya bure, nimepigwa picha. Wanaokuja dukani wanauliza huyu Mumo ni nani, naitika.

Sina zaidi.

Jumanne, 24 Juni

Nimejaribu kucheza mpira na mtoto mmoja wa Makadara, kwa raha tu. Dakika ya kumi nikawa natafuta pembeni mwa runinga kama kitalia kitu. Hakikulia. Nikampa pedi, nikaenda kufagia.

Bi Fairuz ameufuta mpango wake wa vikombe. Nikamuuliza na jina langu je, nalo alifute. Akasema, "Rangi ya mafuta, mwanangu. Uliitaka mwenyewe. Nishaona ukuta mzima wauma macho, lakini ntakaa nao."

Jumapili, 29 Juni

Masha amepiga simu. Sauti ilikuwa inakuja na upepo, anasema kule ziwa liko karibu na bustani na viboko wanatoka usiku kula nyasi zake, mkubwa anamlaumu yeye. Nilicheka. Nikamwambia awavute kwa kamba. Akacheka na yeye. Akauliza mama, akauliza Bi Fairuz, akauliza ule udongo wake mlangoni kama umeshafagiwa.

Kisha akauliza, "Na mlima?"

Hapa nilikuwa na nafasi. Mimi ambaye nimejisifu kwa watalii, kwa mahujaji, kwa askari wa kanjo. Ukuta ulikuwa mbele yangu umeandikwa jina langu.

"Upo," nikasema. "Nakungoja."

"Hujapanda?"

"Nipande na nani?"

Alinyamaza kidogo, nikasikia anavyofurahi. Kuna watu ukiwafurahisha unawasikia hata wakiwa kimya. "Basi Krismasi," akasema. "Nimeanza kufanya mazoezi ya kidole. Nashika ndoo kwa gumba tu, Mumo, mpaka mama wa nyumba anadhani nina wazimu."

Alipokata nilifungua dayari hii.

Sikuandika habari za Jumamosi ile kama zilivyokuwa, basi naandika sasa. Ngowa alikuwa anakaribia, kopo lilikuwa mezani, nami nikawekeana naye dau, mpira wake ukikatika kabla hajamaliza, anisaidie kupanda. Ukakatika. Akakaa kwenye kiti cha Masha, akashika pedi ya Masha, runinga ikamwandika Mgeni. Tulipanda kwa saa mbili. Anashika vizuri, mshenzi yule. Ile nyumba ya mawe tuliipita mbio, sikugeuza shingo. Tukafika juu kabisa, pale kwenye taa. Ukungu ukaanza kufunguka, ikasikika sauti ya mtu, hadithi ikaanza, ile ambayo mlima wote unakupeleka kuiona. Na kidole changu, kile cha kuwekwa kwenye kioo, kikabonyeza kitufe cha kuruka. Sikukiagiza. Miezi miwili kimeruka kila hadithi, nayo kikairuka. Ting. Kisha majina ya waliotengeneza gemu, yanapanda, yanapanda.

Ngowa akauliza, "Ilikuwa taa ya nini?"

Nikamwambia asinipotezee muda.

Nilipanda bila Masha, wala sikutazama.